Viatu vya Wageni wa Ndege

Nilikuwa naanika mashuka ya wageni, vibanio viwili mdomoni na kimoja kidoleni, na nyuma yangu kijiwe kinaunguruma kama kawaida yake. Kijiwe chenyewe ni benchi moja chini ya dirisha la jiko langu. Kahawa wanayokunywa nawapitishia dirishani. Wakazi wake ni watatu. Profesa ni fundi cherehani aliyeishia darasa la saba, mengine akajisomesha mwenyewe. Dalili analinda ghala usiku, na mchana anaona ishara katika kila kitu, hata kahawa ikitoa povu. Bondia anaziba pancha za baiskeli, na akisimama kando ya pampu yake utauliza yupi ni yupi. Siku hiyo walikuwa na furaha. Benchi la zamani lilivunjika juzi Profesa akiwa juu yake, na mchana huo Bondia alikuwa amewaletea ubao mwingine, mrefu, mzito, akaulaza juu ya mawe mawili na kuwaambia wakae bila hofu. Mimi nilikuwa na kazi. Nyumba yetu ina vyumba viwili vya kupangisha, na wageni wetu ni wa aina moja tu: wanaokuja kisiwani likizo kutazama ndege. Hawaogelei, hawachezi muziki. Wanaamka kabla ya jogoo, wananing'iniza darubini shingoni, na binti yangu mkubwa anawatembeza kwenye mikoko. Mtaa mzima unamwita Darubini.

Basi nikasikia bajaji ya Breki inakuja taratibu. Breki haji taratibu. Jina alipewa kwa sababu ya kitu ambacho bajaji yake haina. Asubuhi ndiye aliyewapeleka Darubini na wageni wake, mume na mke, hadi njia inapoishia, na ndiye aliyetakiwa kuwarudisha. Akazima injini. Nyuma hapakuwa na mtu. Mkononi alishika viatu, jozi tatu: vya mgeni mwanamume, vya mkewe, na raba za binti yangu zenye kamba za kijani.

— Shikamoo, Mama Wageni, akasema.

— Marahaba. Wako wapi?

— Hawakutokea, mama.

— Hawakutokea vipi?

— Walisema maji yakianza kurudi watakuwa wameshafika. Maji yamerudi. Nimeita mpaka koo limekauka, upepo unanirudishia sauti yangu. Viatu vilikuwa pale pale walipovivulia. Maji yalikuwa yanataka kuvichukua, nikaona nisiviache.

Vibanio vikanitoka mdomoni.

Kule kwenye mikoko watu huvua viatu kwa sababu tope linavinyonya. Hilo si la kuogopesha. La kuogopesha ni kwamba maji yalikuwa yanajaa na wenye viatu hawakuwapo. Na simu haishiki kule. Hata ingeshika, Darubini huzizima zote, yake na za wageni, mtu asije akapigiwa mbele ya ndege.

Nikamwambia Breki akimbie ufukweni atafute yeyote mwenye mtumbwi. Akaondoka, safari hii kwa mwendo wake. Baba wa wanangu asingeweza kunisaidia; ni fundi wa mitambo kwenye kivuko, na saa hiyo alikuwa majini. Mdogo wake Darubini alikuwa ndani anafanya hesabu za shule. Nikamwambia asitoke mlangoni hata nyumba ikiungua, halafu nikafikiria nilichosema, nikamwambia ikiungua atoke.

Nikageukia benchi. Pale viatu vilipokuwa, njia inagawanyika. Ya kulia inakwenda kwenye mashimo ya chumvi, ya kushoto inakwenda kwenye mnara wa taa. Darubini huchagua siku hiyo hiyo, kulingana na ndege wametua wapi. Na njia hizo hazikutani tena. Ukichagua isiyo yake, ukirudi unakuta maji yamekutangulia. Ukikosea mara moja, huna nafasi ya kukosea tena.

— Jamani, nikasema, ninyi mna macho na miguu. Nani leo amemwona mwanangu? Alikwenda kulia au kushoto?

— Suala si kulia wala kushoto, akasema Profesa, akakiweka chini kikombe chake kama mtu anayefungua mkutano. Suala ni kwa nini. Mtu mwenye akili timamu anapanda ndege, anavuka bahari, anakuja kutazama ndege. Kwao hakuna ndege?

— Wapo, akasema Bondia. Alichopanda si ndege?

— Kaa kimya, nazungumza jambo zito. Mimi nimewashonea wale watu. Yule mwanamume aliniletea fulana yake yenye mifuko mingi niibane. Nimeikagua mifuko yote. Mnajua nilikuta nini?

— Nini?

— Hakuna kitu! Mifuko kumi na kitu, mitupu! Mtu asiye na jambo la kuficha anashonewa mifuko kumi ya nini? Wale ni wapelelezi. Wanapima kina cha maji. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba kinaingiaje hapa? nikamuuliza.

— Kinaingia taratibu, Mama Wageni. Ndiyo maana yake.

Nilikuwa nimeshika raba za binti yangu. Moja ilikuwa imelowa, nyingine kavu. Nikajikuta nazikamua kama shuka.

Dalili alikuwa hajasema neno, na Dalili akinyamaza ujue anapika.

— Mimi sikutaka kusema, akaanza.

— Basi usiseme, akajibu Bondia.

— Alfajiri nikitoka ghalani, ndege mweupe alitua juu ya paa la nyumba hii. Akanitazama. Akageuza shingo akatazama mikoko. Akanitazama tena. Nikasema, leo kuna mtu ataitwa.

— Ulimwambia nani? nikamuuliza.

— Sikumwambia mtu. Ishara haisemwi kabla.

— Kwa hiyo inasaidia nini, Dalili?

— Inasaidia baadaye, mama. Kule kwenye mikoko kuna joka. Babu yangu aliliona, na yule babu hakuwa mtu wa uongo. Alikuwa mtu wa deni tu. Likishiba linalala miaka. Likiamka linataka mgeni, kwa sababu mwenyeji ana chumvi mwilini, linatapika. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wazee waliliona hilo zamani.

Niliicheka moyoni ile methali. Mwanangu ni mwenyeji, nikajiambia. Nikajiona mjinga kujifariji kwa joka. Nikakaa kwenye benchi lao, kitu ambacho sijakifanya tangu nianze kuwauzia kahawa.

— Mama Wageni amekaa, akasema Bondia kwa sauti ya chini. Jamani, mama amekaa.

— Nijibuni nilichouliza. Kulia au kushoto?

Bondia akajikuna.

— Mimi nilikwenda kule mchana. Sikuona mtu. Kimya kitupu. Kimya kile mpaka nikajisikia mwenyewe nakohoa. Sikupenda. Nikachukua changu nikarudi.

— Kimya! Dalili akapiga paja. Si nimewaambia? Joka likipita kunakuwa kimya.

— Hakuna joka, akasema Profesa, na sauti yake ilikuwa imeshuka. Wala si wapelelezi. Nilikuwa nawafichia. Sikilizeni. Ndege wa kaskazini wanakuja kisiwani mwezi gani?

— Baridi ikianza kwao.

— Na wageni wa Mama wanakuja lini?

Akatutazama mmoja mmoja.

— Ndege wanaondoka lini? Na wale wageni wanaondoka lini? Mmewahi kumwona hata mmoja wao kisiwani ndege wakiwa hawapo? Wanaamka saa za ndege. Wanakula mbegu, mama, si umeniambia mwenyewe yule mke anakula mbegu kwenye bakuli asubuhi? Wanatembea hivi, shingo mbele. Wamevua viatu. Kwa nini wamevua viatu, jamani? Nani anahitaji viatu akiruka?

— Weee! akasema Dalili.

— Msimu umekwisha. Wameondoka na wenzao. Na Darubini wamemzoea...

— Profesa, nikamwambia, ukimaliza sentensi hiyo hutakunywa kahawa yangu tena mpaka uzikwe.

Hakuimaliza. Lakini Bondia alishachungulia mawinguni, na mimi pia, Mungu anisamehe, nilitazama juu.

Ndipo tukaona. Upande wa kulia, juu ya mashimo ya chumvi, ndege waliruka wote kwa mpigo, weupe na wa kijivu, kama mtu amekung'uta shuka la makombo. Wakazunguka. Wakashuka. Hazikupita dakika nyingi, wakaruka tena.

— Joka, akasema Dalili, na safari hii hakulisema kwa raha.

Mimi nikasimama. Sasa nilikuwa nimepata jibu, au nilidhani nimepata.

— Wako kushoto, nikasema. Kwenye mnara.

— Unajuaje, mama?

— Kwa sababu mwanangu hawashtui ndege. Ameanza kazi hii na sharti hilo. Mgeni akipiga chafya anamtazama kama ameiba. Husema ndege akiruka kwa ajili yako, hukumtazama, umemfukuza. Pale kulia kuna mbwa, au kuna kitu kingine, sijui. Lakini mwanangu hayupo pale. Tunakwenda kushoto. Nani anakuja nami?

Walitazamana. Dalili alitazama mikoko, Profesa alitazama Dalili. Si kwamba hawampendi Darubini. Wamemwona anatambaa pale pale chini ya dirisha. Walikuwa wamejitisha wenyewe kwa maneno, sasa wanayaogopa kama si wao walioyatunga.

— Asiyesikia la mkuu... akaanza Dalili.

— Mkuu ni mimi, nikamwambia. Inuka.

— Hodi jamani, ikasema sauti nyuma ya mashuka.

Alikuwa mama wa makamo, begi mgongoni, darubini kifuani, vumbi la safari usoni. Nilikuwa nimemsahau kabisa: mgeni wa chumba cha pili, aliyetakiwa kufika na boti ya mchana. Kwa namna alivyosimama ungejua amefundisha darasa kwa miaka.

— Hapa ndipo kwa Mama Wageni?

— Ndipo, dada yangu, karibu, ila umetukuta vibaya. Chumba kiko wazi, maji yako kwenye mtungi. Kaa upumzike, nakuja.

— Nimekaa kwenye boti tangu asubuhi, lakini ahsante.

Akakaa kwa adabu ukingoni mwa benchi, na alipojivua ile darubini kifuniko chake kikamponyoka, kikabingirika chini. Akainama kukitafuta. Akachelewa kuinuka.

— Samahani, akasema akiwa bado ameinama. Huku chini mmepigilia vipande vya kandambili, kimoja kimoja, kama vidato vya ngazi. Na kuna tope bichi. Ubao huu ulikuwa wa nini?

Hilo tu. Wanaume watatu waliokuwa na jibu la kila kitu, kuanzia wapelelezi mpaka joka, wakainama kuchungulia. Mimi niliinama pia. Kandambili zile zilikuwa za buluu, na kimoja kilikuwa na alama ya moto pale nilipowahi kukanyaga kaa. Zilikuwa zangu. Wiki iliyopita Darubini aliniomba, akasema anataka kitu kisichoteleza, akazikata kwa kisu cha jikoni na kukiharibu makali.

— Bondia, nikasema. Ubao umeutoa wapi?

— Ulikuwa umelala kwenye tope, mama. Nilidhani umeletwa na maji. Nikaugeuza, upande ule ulikuwa mchafu, nikasema waukalie upande mzuri.

— Tope la wapi?

— Pale kwenye mkondo. Maji yalikuwa yamepwa, ni tope tupu, ubao umelala toka ukingo huu mpaka ule...

Akasikia alichokisema. Uso wake ulikwenda, sijui niseme ulikwenda wapi.

— Upande gani, Bondia?

— Kulia, akasema. Mashimo ya chumvi.

Kwa hiyo walivuka asubuhi juu ya daraja, na nyuma yao daraja likaja kuwa benchi. Mchana mzima tulikuwa tumelikalia tukiulizana wamekwenda wapi. Na wale ndege waliokuwa wanaruka kule, wakitua wanarushwa tena, hawakuwa wameshtuliwa na mbwa. Mwanangu alikuwa ananiita kwa kitu pekee alichokuwa nacho kinachoonekana kutoka nyumbani, na mimi nilikuwa naelekea kumpa kisogo.

— Beba! nikasema.

Vikombe vilimwagika vyote. Profesa na Dalili walishika ncha moja, Bondia ncha nyingine peke yake, na sijui nguvu aliitoa wapi. Nilifungua kamba ya kuanikia. Sikuwa na muda wa mashuka. Yakashuka yote mavumbini na mimi nikapita juu yake. Yule mwalimu hakuuliza tena. Aliweka begi chini akatufuata.

Mashuka yana uzito wake, lakini hofu ni nzito zaidi, nayo huwezi kumwachia mtu akushikie. Nilikimbia nikiwa nayo. Njiani Dalili alikuwa anapumua kama mvukuto na bado anaongea.

— Na joka, mama?

— Likitoka, tutalipiga na ubao.

Tulipofika, mkondo haukuwa tope tena. Yalikuwa maji ya rangi ya chai, yanakwenda kwa kasi, na ng'ambo nchi kavu ilikuwa imebaki kama mkeka. Walikuwa juu ya mkoko, wameshikilia matawi, mke wa mgeni katikati, mumewe chini yake maji yamemfika mapajani. Darubini alikuwa juu kabisa, anapunga kilemba chake kwa ndege waliokuwa wametua nyuma yake. Ndege wakaruka. Akageuka kutazama kama kuna mtu, akatuona.

Hakupiga kelele. Alisema tu:

— Mama, usiingie, ni kirefu.

Kamba ilirushwa, akaidaka mara ya pili, akaifunga kwenye mti wao nasi tukaifunga kwenye wetu. Ubao ukasukumwa, vidato juu safari hii. Ulifika, lakini kwa shida, na ulikuwa unacheza.

— Kalia ncha, nikamwambia Bondia.

— Yeye? akasema Profesa. Mama, huyo hata jani hawezi kulikalia likatulia.

Akakaa Profesa, mwili wote, na kwa mara ya kwanza uzito wake ukawa na faida kwa umma. Bondia akaingia majini mpaka kifuani, akashika ubao katikati kwa bega. Hakuna aliyemwambia. Maji yalikuwa yanampiga usoni, naye anarudia maneno yale yale: pita shangazi, pita, nimeushika.

Mke alipita kwa magoti. Mumewe akapita, darubini yake kaiuma kwa meno. Nilikuwa nawatazama na siwaoni. Nilikuwa natazama tawi. Darubini alipobaki peke yake, ubao ulikuwa umezama chini ya maji na yeye akawa kama anatembea juu yake tu, mkono kwenye kamba yangu ya nguo. Aliteleza mara moja. Kandambili zikamshika.

Nilimkamata mkono nikamvuta, nikaendelea kuuvuta hata alipokuwa ameshafika.

— Viatu vyako vimelowa, nikamwambia.

— Mama, akasema, niliwarusha ndege. Makusudi.

— Niliona.

— Wengine wametoka mbali sana. Walikuwa wanapumzika.

— Hata mimi nilikuwa nataka kupumzika, mwanangu. Twende.

Mtumbwi wa Breki ulitokea tulipokuwa tunafunga ubao kwenye mti ili usiende na maji. Breki mwenyewe alikuwa mbele anapiga kasia bila kupunguza, na kama kawaida alisimama kwa kugonga kitu.

Nyumbani nilichota wali, nikachota mchuzi, nikaongeza maji kwenye mchuzi kwa sababu midomo ilikuwa imeongezeka. Benchi halikuwapo, kwa hiyo kijiwe kizima kilikaa ndani kwenye mkeka. Bondia aligoma kuingia. Alisimama mlangoni, nguo zinamchuruzika.

— Mama Wageni, mimi sistahili.

— Unalowesha kizingiti. Ingia.

Darubini akamsogelezea sahani.

— Kesho, kaka, utanisaidia kuupigilia chini, akamwambia. Usiweze kubebeka.

— Hata leo, akasema Bondia, na hakuweza kula mpaka Profesa alipomwambia ale, maana samaki hukunjwa angali mbichi. Hakuna aliyeielewa ile methali. Kwa mara ya kwanza hakuna aliyeipinga.

— Mimi ndege alinitazama, akanong'ona Dalili, kisha mwalimu akamwuliza alikuwa wa rangi gani, mdomo mfupi au mrefu, na Dalili akakiri kwamba huenda alikuwa njiwa wa jirani.

Baba yao akaingia jua likizama, mikono ina grisi, hana habari ya lolote.

— Mbona mashuka yako chini?

— Nawa mikono ule, nikamwambia. Utasimuliwa.

Akanawa, akakaa. Nikasimama na upawa, nikahesabu vichwa kuuzunguka mkeka. Mume na mke, wamejifunika mablanketi yangu, mke anatetemeka kidogo lakini anakula. Mwalimu. Breki. Profesa, Dalili, Bondia. Baba yao. Mdogo, ambaye hesabu zake hakuzimaliza. Darubini, amelala nusu, kichwa kwenye bega la mdogo wake, kijiko bado mkononi.

Nikahesabu upya kuanzia upande wa pili. Kisha nikakaa, nikajichotea.